Ile Tisa Yako ya Chaki

Baba yangu,

Jumamosi nusura nimzabe Njoroge kofi mbele ya mama na watu wa kanisa. Nakuambia mapema kwa sababu najua utauliza ni nani alianza. Ni mimi.

Tulikuwa nyumbani Landless kwa ibada ya kukukumbuka, mwaka mmoja tangu utuache. Huyo kitindamimba wako alikuwa ametangazia kila mtu kwamba baada ya maombi atawasha gari lako jeupe, ampeleke mama makaburini nalo. Injini uliitengeneza peke yako, ukanyoa silinda hedi, kile kifuniko chake cha juu, ili ipate nguvu, ukaenda kabla ya kuiwasha. Kwenye mlango wa gereji chaki yako bado inasema 9. Yaani pistoni ikipanda, hewa na petroli vinabanwa mara tisa. Tisa injini hiyo kuukuu inaivumilia. Kumi na moja ingeanza kugonga, na pistoni ulizozitafuta miaka yote hiyo zingepasuka mama akiwa amekaa mbele.

Nilikuja na sirinji yangu kutoka gereji yangu ya Gitothua, Ruiru. "Wacha nipime kwanza," nikamwambia Njoroge.

"Wambui, buda hakuwahi kosea. Wacha ujuaji."

Nikaipandisha pistoni hadi juu kabisa, nikatoa plagi, nikamimina oili kwenye tundu kama ulivyonifunza. Sirinji ilianza na mililita sitini, ikabaki ishirini. Arobaini zimeingia. Kila silinda ya injini ile ni mia nne. Mia nne na arobaini, gawanya kwa arobaini: kumi na moja. Nikarudia. Kumi na moja. Mara ya tatu nilipima nikiomba nimekosea mimi.

Njoroge alishaingia kwenye gari. "Kwa hivyo unaambia mama mzee alikuwa mjinga?"

Nikampokonya ufunguo. Mchungaji akaanza kukohoa kikohozi cha aibu. Mimi nilikuwa nimekodolea macho sirinji, kwa sababu nilikuwa nimeona tisa yako ilitoka wapi: ishirini ilisomwa kumi, kana kwamba zimeingia hamsini, na hesabu ikatoa tisa. Ni mstari mnene, mweusi, na namba iko kando yake. Mtu anayeona hawezi kuukosa.

Mama ndiye aliyesema. "Macho ya baba yenu ilikuwa imeisha. Hata Bibilia ni mimi nilikuwa namsomea. Alinikataza kuwaambia."

Nikakaa juu ya tairi.

Unakumbuka ulivyokuwa unainua sirinji? "Maitu, nisomee hapo." Uliniita hivyo, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yako. Kila injini, nisomee hapo. Nilikuwa fundi kamili, nina wateja wananiita kwa jina, na wewe unanisomesha namba mbele yao. "Kwani mimi ni mtoto wa nasari?" Ukacheka: "Nakupima tu." Siku ile niliitupa sirinji mezani, nikahamia Ruiru, nikawaambia watu nimeenda kutafuta soko langu. Uongo mtupu. Nilikimbia sirinji. Na wewe ukabaki unaiinua peke yako, ukikisia.

Hatukuwasha Jumamosi. Mama alienda makaburini kwa gari la kanisa, na Njoroge hakunisemesha mpaka Jumatatu, alipofika kwangu Gitothua amebeba silinda hedi ndani ya gunia. Hakuomba msamaha, mimi pia sikuomba. Tulikata bamba la shaba la kuweka chini yake ili nafasi iliyopungua irudi.

Jana tukapima tena huko Landless. Nilimimina mimi, nikainua sirinji, nikampa. "Nisomee hapo."

Alinitazama kama anayetaka kubishana, kisha akainama. "Iko kumi."

Hamsini zimeingia. Mia nne na hamsini, gawanya kwa hamsini. Njoroge alipiga hesabu kwa kidole juu ya vumbi la boneti, akageuka kuangalia 9 yako mlangoni. Injini iliwaka tulipojaribu mara ya pili, na mama akapiga makofi mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Chaki yako sikuigusa. Sasa ni sahihi.

Lakini bado nimekukasirikia, na nitakukasirikia kwa muda. Ungeniambia tu huoni, Baba. Ningebaki.

Ni mimi,
Maitu wako