Nguzo za Nyuma ya Chumba cha Mama

Tanga,
Ijumaa, baada ya sala

Mdogo wangu Somoe,

Amani iwe juu yako na juu ya wote waliomo katika nyumba yetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua cha mama kimetulia tangu baridi ya kusi ilipopungua. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo hunikumbusha umri wangu kila nipandapo ngazi za ghala hapa bandarini. Wifi yako Mwanaidi anakusalimu, na analalamika kwamba korosho ulizomwahidi hazijafika.

Barua yako nimeipata. Umeandika kurasa mbili bila nukta hata moja, nikafika mwisho nikihema. Hata hivyo nimeelewa. Ngema, ule ukingo mkali wa nyuma ya nyumba, ilimeguka tena wakati wa mvua zilizopita. Nguzo mbili za ukuta unaozuia udongo zimeinama kuelekea pwani, na ufa umetokea katika chumba cha mama. Mvua zikirudi kabla ukuta haujajengwa upya, chumba hicho kinaweza kuteremka pamoja na ngema. Mumeo Bakari anataka nguzo za chuma, vipande vya ile reli iliyong'olewa, ambavyo vinauzwa Mtwara mjini. Mama anataka nguzo za mkoko, kama zamani. Mnaningoja mimi, mkubwa wenu, niamue.

Kisha ukaongeza: "Kaka, ukisema chuma tutajua kwamba hutaki kurudi, maana chuma hakimwiti mtu kuja kukibadilisha." Maneno hayo hayakunipendeza. Mdogo hamwandikii hivyo mkubwa wake. Lakini nimekaa nayo wiki nzima, na kila nikiyasukuma yanarudi.

Shemeji Bakari hakukosea kufikiri. Reli ni nzito, na mchwa hauigusi. Lau nisingefanya kazi bandarini, ningekubaliana naye siku hiyo hiyo. Lakini hapa naona kila siku nguzo za chuma zilizosimama baharini. Juu zinang'aa rangi; pale maji yanapopanda na kushuka zimeliwa hata kidole kinapenya. Udongo wa ngema yetu una chumvi, na maji makuu ya bamvua hufika miguuni pake. Chuma kilichofukiwa humo kitaliwa kimya kimya, na hakuna atakayejua mpaka siku kitakapokatika.

Mkoko nao huoza, tena upesi zaidi. Lakini je, unakumbuka tulivyokuwa tukijua? Kila mikorosho ilipochanua, marehemu baba alizunguka nyuma ya nyumba na shoka lake, akigonga kila nguzo kwa kisogo cha shoka. Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo mama ndiye aliyesikiliza, akiwa ndani kitandani, ubavu wake ukielekea ukutani.

"Hii je?" baba aliita.

"Nzima. Songa mbele."

"Na hii?"

"Hiyo imeoza, mume wangu, kama jino lako."

"Nimekuuliza nguzo, mwanamke, sikukuuliza jino!"

Majirani walicheka hadi barazani. Na mama hakukosea hata mara moja.

Baada ya hapo ndipo watu walipoitwa. Mzee Chilumba, yule aliyevuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji akajenga kijijini Mahurunga, alileta nguzo mpya. Nami nilikuja kutoka Lindi, nikiwa karani kijana mwenye shati jeupe, naye Chilumba hakuniacha bila utani.

"Shika shoka, karani! Hilo halichovywi wino!"

"Kunywa uji kwanza, mtani. Maneno yako yana njaa."

Tulichimba hadi adhuhuri, kisha tukala wali na samaki wa nazi tumeketi juu ya ngema, miguu ikining'inia, mikono ikinuka matope ya mkoko. Hapa Tanga pia kuna mikoko. Nimeikaribia mara nyingi nikaivuta harufu yake. Sivyo, Somoe, sivyo kabisa.

Utakumbuka pia mwaka ambao mjomba Hamisi alizibandua nguzo zote magome ili ayauze kwa wanaotengeneza ngozi. Wadudu wa maji waliingia, na kabla ya mvua kwisha nguzo zilikuwa zimetobolewa kama chujio. Baba alimwambia, "Umemvua mtu nguo, kisha unamtuma akalale nje!" Kosa hilo lisirudiwe. Magome yabaki.

Basi uamuzi wangu ni huu: msimike nguzo za mkoko. Mwombeni Chilumba, au wanawe kama nguvu zimemwishia, wakate katika vijito vya upande wetu. Wasiukaribie mlango wa Ruvuma maadamu vita vinaendelea ng'ambo. Sitaki ukuta uliogharimu maisha ya mtu. Mama ahamie chumba cha mbele leo hii, na kama hakusikilizi wewe, basi anisikilize mimi. Maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe tena kwenye ngema; najua ni wewe. Wala mtu asimcheke Bakari. Yeye ndiye asimamie kazi, kwa kuwa jicho lake la kupima mstari ni zuri kuliko langu.

Nguzo ya pembeni, iliyo karibu na kitanda cha mama, chimbeni shimo lake tu, kisha mliache. Nimeomba likizo nami nimeipata. Nitapanda meli ya kwanza iendayo kusini, kabla ya mvua. Nguzo hiyo nitaisimika mimi, goti likitaka lisitake.

Nisalimie shangazi yetu mfuma mikeka, na mwambie ule wa sala alionipa bado ninao. Nisalimie mwalimu wetu wa chuo, na Bakari, na mzee Chilumba, ambaye bila shaka ameshaandaa matusi yangu.

Mama mwambie hivi: siku nitakayofika nitapitia nyuma kwanza, kabla ya kubisha hodi. Akisikia kisogo cha shoka kikigonga nguzo, asishtuke. Ajibu tu.

Ni mimi, kaka yako,
Saidi