Majivu Juu ya Matope, Louisville

Mama mpenzi, shikamoo. Huku Louisville jua ni kali, na ile sweta uliyonilazimisha kubeba haijatoka begini.

Leo Kaka Elia amenipeleka makumbusho, karibu na mto Ohio. Wameweka ukuta wa udongo uliochimbwa bondeni, mrefu kunipita: majivu, juu yake matope, halafu majivu tena, mpaka juu. Mama mmoja anayeongoza wageni pale alitueleza kwamba watu wa kale walipika pale. Mto ukifurika walihamia mlimani. Maji yakipungua walirudi kuokota kome wa mtoni wa kula, wakawasha moto juu ya matope mapya.

Mimi nikaanza kutafuta mafiga matatu, nikakuta mawe chungu nzima. Kumbe waliyapasha moto na kuyatumbukiza majini ili maji yachemke! Nikacheka peke yangu.

Nilipogeuka, Kaka alikuwa bado anautazama ule ukuta. Unamjua, habari za kambi ya wakimbizi hazigusi kabisa. Akasema, "Mvua ilipobomoa jiko letu kule kambini, Mama aliwasha moto palepale, hata blanketi hajaanika."

Kwenye gari akaongeza, "Mwambie Mama sitamsumbua tena ahame Buffalo kwa sababu ya maji ya theluji kuingia nyumbani kwake. Nitakwenda nimwinulie sakafu ya jiko."

Basi tunakuja wote Jumamosi, na mbao zake zimejaa garini. Yeye mpikie ugali na maharage. Mimi nibakizie ukoko tu, na usimpe mtu.

Mwanao akupendaye,
Neema