Mkono wa Jerotich

Malindi, 3 Agosti 2024

Mpendwa Mama,

Ejok? Goti lako linaendeleaje, na Kakuma kumepoa hata kidogo? Mimi mzima, ila masikio yamejaa chumvi.

Nimesikia kuhusu kazi ya ulinzi wa ghala Kalobeyei. Waombe wenye ghala wanisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Nimebakiza mtihani mmoja: kutoka na kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa plastiki, kuvuka mawimbi, kuvua samaki na kurudi ufukweni bila kupinduka. Nikipita, kocha Jerotich ataniajiri nipeleke wageni kuvua. (Ni mtu wa milimani anayefundisha bahari. Usicheke.) Nikishindwa, narudi nyumbani.

Kutoka si shida: unalielekezea wimbi pua na kupiga kafi. Kurudi ndiko kugumu. Wimbi linakuja mgongoni. Likikugeuza ubavu, lazima uliegemee lenyewe. Ukiegemea upande wa pwani, umepinduka.

Mwanao,
Ekai

Lodwar, 12 Agosti 2024

Mwanangu Ekai,

Nakusalimu kutoka Lodwar, nimekuja kununua samaki wakavu. Goti linatembea huku likinung'unika. Wewe unakula?

Nilimsomea barua yako Didace, yule jirani yetu Mrundi aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika. Anasema hicho si chombo, ni beseni. Mimi nina swali moja tu. Samaki wako sokoni. Kwa nini uwafuate kwao?

Wenye ghala wamekubali kusubiri. Mlinzi anapewa kiti, na sijasikia kiti kimezamisha mtu. Hata hivyo, ukiwa huko salimia watu vizuri, wasiseme hatukukulea.

Mama yako

Malindi, 25 Agosti 2024

Mpendwa Mama,

Natumaini ulirudi Kakuma salama na samaki hawakuharibika. Mimi sijaumia. Nakwambia hilo kwanza kwa sababu jana nilipinduka.

Nilikuwa nimeshavua kolekole wawili na kufika nyuma ya mawimbi. Kocha, akiwa ufukweni, akainua mkono, kiganja wazi. Mama, mtu mzima akiniinulia mkono, mimi si wa kupita kimya. Nikainua wangu, nikaitikia, "Ejok-noi!" nikaja moja kwa moja. Kumbe mkono ule ni wa kusema simama, mawimbi makubwa yanakuja. Alitufundisha siku ya kwanza, ila mwili ulijibu kabla ya kichwa.

Wimbi lilinibeba ubavu, likanimwaga. Kolekole wakarudi kwao. Niliishika kayaki, nikaigeuza, nikapanda. Maji yalikuwa ya kiunoni na ufukwe ulikuwa karibu, lakini niligeuza pua nikarudi nje, nikangoja mawimbi yapungue, ndipo nikaja tena. Safari hii nilifika nimeketi.

"Ulikuwa unafanya nini kule?" kocha akauliza.

"Nilikuwa naitikia salamu yako."

Alicheka mpaka akakaa mchangani. Alipomaliza akasema, "Lakini umepinduka, na samaki huna." Ninarudia tarehe thelathini. Tafadhali usiwaambie wa ghala.

Mwanao,
Ekai

Kakuma, 29 Agosti 2024

Mwanangu Ekai,

Hatujambo. Samaki waliuzika wote. Barua yako ilifika jana na basi.

Niliisoma mpaka pale ulipokuwa umesimama kwenye maji ya kiunoni, ufukwe ukiwa karibu, ukageuka kurudi kwenye mawimbi. Hapo niliikunja, nikapanda bodaboda hadi Kalobeyei, nikawaambia wenye ghala huji. Mtu anayetaka kuja nyumbani angetembea tu hadi ufukweni.

Wamemchukua Didace. Ameanza leo asubuhi, amevaa sare inayomzidi. Kwa hiyo hapa hakuna kazi inayokusubiri. Pita huo mtihani.

Mama yako

Malindi, 2 Septemba 2024

Mpendwa Mama,

Salamu kwenu nyote, na hongera kwa Didace.

Nilipita Ijumaa, nikiwa na kolekole mmoja, mdogo. Barua yako ilikuwa bado njiani, nimeisoma leo. Heri ilichelewa: ningejua ghala lina mtu, ningeliogopa kila wimbi.

Jumamosi natoka na wageni wawili.

Mwanao,
Ekai