Ile Njia Niliyosema Nimeipita

Jumapili, 8 Machi

Nimemdanganya mama watoto. Tena!

Nilitoka asubuhi kwenda hifadhi ya taifa kuikagua ile njia fupi ya maporomoko. Jumamosi tunaenda wote — matembezi yake ya kwanza tangu mfupa wa mguu uunge. Mtu wa mazoezi wa hospitali karuhusu, ila pawe tambarare, ngazi bado. Nikafika getini. Mvua ikashuka. Nikakimbilia kantini, kumbe kuna mpira kwenye tivii. Dakika za nyongeza, penalti... Nikarudi nyumbani.

"Vipi njia?" kaniuliza hata sijavua viatu.

Nikasema nimeipita yote. Imenyooka, hakuna hata ngazi moja. Ulimi huu!

Alivyofurahi.

Jumatatu, 9 Machi

Kazini mikono mizito. Nimekata marumaru vibaya, bosi akauliza kama naumwa.

Niandike tu, hakuna anayesoma. Mguu wake niliuvunja mimi. Sikumsukuma — lakini zile marumaru za mlango wa jikoni nilizibandika mimi. Za ukutani, laini kama kioo. Zilibaki kazini, nikaona zisipotee bure. Fundi mzima, najua kabisa hazifai kukanyagwa! Akatoka na ndoo, akaenda chini. Siku ile ile nikazing'oa zote kwa nyundo. Hajawahi kunilaumu. Alisema tu siku moja kwamba anatamani kutembea mahali ambapo fundi hajagusa.

Ndiyo safari hii. Na humo humo nimetia uongo.

Jumatano, 11 Machi

Nimepiga simu getini. Askari wa hifadhi akacheka. "Tambarare? Nani kakwambia, mzee? Mwanzo sawa. Ukikaribia maporomoko kuna ngazi za mawe, na mvua hizi ni utelezi mtupu. Watu wanashika kamba."

Utelezi.

Jioni nikajaribu kuahirisha. Nikasingizia mawingu. Shemeji, mdogo wake, naye anakuja — akadakia: "Shemeji, siku hizi umekuwa mtabiri wa hali ya hewa? Dada kashanunua raba!" Kweli, mama watoto alikuwa nazo miguuni, anazunguka meza bila fimbo. Kachoka, kashika ukuta, huku anacheka.

Nikamsogezea kiti tu.

Ijumaa, 13 Machi

Nimesema.

Alikuwa anakunja nguo. Mama watoto, ile njia sijaipita. Akaendelea kukunja. Nikamwaga yote — kantini, mpira, ngazi.

"Najua hukuipita," akasema. "Mvua yote ile, viatu vyako vikarudi visafi. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Siku zote hizo! Nikauliza, basi tuache? Akasema hatuachi. Kesho nitangulie peke yangu nikaone kwa macho, yeye atakaa getini na mdogo wake. Nirudi nimwambie kulivyo, halafu ataamua mwenyewe na mguu wake.

"Ila ukipambapamba tena, baba watoto, sitakuuliza kitu kingine."

Hakupaza sauti. Bora angepaza.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekaa kwenye jiwe, chini ya ngazi. Naandika hapa hapa, nisije nikaanza kupamba nikiwa njiani kurudi.

Njia ni nzuri mpaka daraja la mbao. Halafu ngazi. Mawe yamepishana, yana utando wa kijani. Lile la tatu kutoka juu linacheza. Kamba ni imara, nimeivuta kwa uzito wangu wote. Hata hivyo nimeteleza — suruali yote tope nyuma. Viatu leo si visafi!

Maporomoko yanaonekana kutoka huku chini tu. Kule juu unasikia mlio tu. Na ni mazuri, jamani. Mazuri mno. Hilo nalo ni kweli. Nikimwambia, atashuka. Nikimficha, nimedanganya.

Ngoja.

Fimbo. Naisikia juu, kwenye mbao za daraja. Ko... ko... Kumbe hakukaa getini! Shemeji anamsihi, dada, dada tafadhali.

Nimesimama nimfuate.

"Usipande!" mama watoto ananipigia kelele. "Kaa hapo hapo. Niambie tu — nikishuka nitaona nini, na nitakanyaga nini?"

Kalamu bado iko mkononi. Nitamsomea haya haya niliyoandika. Ameshika kamba, raba moja iko tayari kwenye jiwe la kwanza. Hatazami jiwe. Ananitazama mimi —