Bastola Kwenye Sanduku Langu la Chakula

Duane, mdogo wangu,

Hapa Nebraska nachuna ng'ombe katika kiwanda cha nyama, mikono imevimba. Theluji haijaanza.

Sijasahau safari yetu ya kuwinda. Afisa wa mpaka wa Kanada alituuliza kama tuna silaha zaidi ya bunduki za kuwindia. Ukacheka: "Hatuna, mkuu, labda ulimi wa kaka yangu!" Akaikuta bastola yako uliyoificha kwenye sanduku langu la chakula. Ukasema, "Sanduku lake hilo."

Nikapigwa marufuku kuingia Kanada, nikapoteza kazi yangu ya shamba kule kule, jimboni Saskatchewan. Wewe ukaendelea na safari, ukaua kulungu.

Mama amenitumia soseji za kulungu huyo. Nimezila zote, maana nilikuwa na njaa. Usidhani tumepatana. Krismasi ukinisikia naingia kwa Mama, tokea mlango wa nyuma.

Ndugu yako kwa damu tu,
Arlen