Nilisaini Kwamba Nipo, Wakasema Nimekubali

Mama Agathe mpendwa, nakuomba msaada kabla aibu haijanimaliza. Mimi ni mkulima wa huku Walikale na mwandishi wa kikundi chetu cha wamama, kwa sababu hati yangu inasomeka, na mwaka jana watu wa kampuni ya kuchimba dhahabu walikuja kutufundisha usafi wa maji, wakagawa sabuni, mwishoni wakatoa karatasi ya présence, ya kuorodhesha waliohudhuria, juu haina kichwa, na kwa kuwa wengi wetu hawakusoma, niliandika mimi majina yote thelathini na moja, wenzangu wakabonyeza dole gumba, tukarudi nyumbani tukisifu sabuni.

Sasa mashine zao zimo ndani ya mto wetu, maji ni tope lenye mafuta, muhogo tunaoloweka unatoka unanuka mazuti, mafuta ya mashine zao, watoto wanajikuna mpaka damu, na tulipokwenda kulalamika, msemaji wao, Papa Séraphin, akatoa karatasi yetu ileile, ila juu sasa pameandikwa «Accord de la communauté», yaani kijiji kimekubali, akaniuliza mbele ya wote: “Mama Francine, si njo wewe uliandika majina ya bamama hii? Sasa munalia nini?” Tangu hapo jirani yangu Kavuo anasema niliuza mto kwa kipande cha sabuni, wengine hawanisalimii, na mwanasheria namwogopa, sina cha kumlipa na nasikia nitafungwa mimi kwanza. Ninalo daftari nilimoandika ajenda ya siku ile, “usafi wa maji”, na nimewaza kulichoma lisije likanifunga. Nifanye nini?

Francine, Walikale

Francine, weka kiberiti chini. Unataka kuchoma shahidi wako?

Nimekasirika, na sitaficha. Kumpa mtu sabuni kisha ukamchafulia maji ya kunawia ni dharau. Lakini na wewe, mama mwenye hati nzuri, uliandikaje majina yote hayo chini ya nafasi tupu bila kuuliza juu pataandikwa nini? Hapo ulizembea. Kuzembea siyo kuuza, na Kavuo ajue hivyo.

Kuwepo si kukubali. Tukienda kwenye kilio, hatujasema tumeua. Sheria inataka wakaaji waelezwe madhara na waulizwe kabla mashine haijaingia, na kuandika majina ya waliohudhuria si kosa. Mwenye kujibu ni aliyeongeza kichwa kile baadaye.

Usiseme tena huna cha kulipa. Baraza la mawakili lina ofisi ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Omba kwanza attestation d'indigence, cheti cha kuonyesha huna uwezo. Kama mjini ni mbali, uliza paroisi, kanisani, kama kuna kliniki ya sheria, wanasheria wa kusaidia bure, inayopita kwenu. Peleka kopi ya daftari, lenyewe libaki kwako. Peleka picha za mto zenye tarehe na karatasi za hospitali za watoto, na mwambie mwanasheria aidai kampuni ripoti ya madhara kwa mazingira. Usiende peke yako.

Ila uanze leo, kwa Kavuo. Kiri uzembe wako, mwombe awe shahidi. Halafu ita wale wamama wote, chukua karatasi mpya, na safari hii anzia juu: “Hatukukubali.” Wasomee kwa sauti mpaka wa mwisho aelewe. Ndipo vidole vifuate.