Mabakuli Mawili ya Bibi Yudita

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Nimechemsha sindano kabla ya wagonjwa kufika, kama kawaida. Kuni mbichi, moshi mtupu. Tembo wamelitoboa tena tangi la zahanati. Wodi imeoshwa kwa maji ya ndoo.

Debora amejifungua alfajiri. Mtoto wa kiume, kilio kizuri, uzito wa kuridhisha. Mama ni mtu wa milimani, juu ya Zombo. Mumewe Athumani hukata miwa Kidodi. Nyumba yao iko hapa Mikumi, kwa baba yake Athumani. Kitovu kinavuja damu. Nilifunga uzi, nikaongeza mwingine. Kikavuja tena. Nimemdunga vitamini K pajani. Wachanga wengi hutulia kwa hiyo.

Nimejaza kadi. Magonjwa ya ukoo: nilimwuliza Athumani, kama ninavyowauliza akina baba wote. Akacheka. "Kwetu ugonjwa ni njaa tu, Sista." Nimeandika: hakuna.

Jumanne, 6 Agosti

Paja nililodunga limevimba. Gumu kama embe bichi, rangi ya zambarau. Nilidhani ni jipu, lakini ni mapema mno kwa jipu, na mtoto hana homa. Ni damu. Sindano imefungua mlango nao haufungiki.

Kitovu bado kinatona. Vitamini haikusaidia.

Babu wa mtoto, Mzee Omari, alikuja na kanzu safi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Macho yalikuwa kwa mjukuu. Jumapili ni siku ya saba. Mtoto atanyolewa, atapewa jina na atatahiriwa, vyote asubuhi moja. Lori la kuwahamishia kijiji kipya linakuja wiki ijayo, na ngariba wao amepangiwa kijiji kingine. Anataka kazi iishe kabla hawajatawanywa.

Nilimwonyesha paja la mtoto. Akasema nimemdunga vibaya. Huenda angekuwa sahihi, ila najua mkono wangu.

Naogopa Jumapili.

Jumatano, 7 Agosti

Kilosa kwa Landrova ya chanjo. Debora kambeba mtoto kifuani njia nzima, mkono mmoja umelishika paja ili lisitikiswe. Vumbi. Tulipofika kijiji cha Ulaya aliniuliza kama mtoto anayevuja hivi huwa anaacha. Sikumdanganya. Nilisema sijui.

Dokta Kimaro wa hospitali ya hapa alitoa damu kidogo kwa mtoto na kidogo kwa mama. Akaiweka katika tyubu za kioo ndani ya maji ya vuguvugu, akawa anaziinamisha moja moja. Ya mama iliganda kama uji uliopoa. Ya mtoto iliendelea kutembea ndani ya kioo. Tukanywa chai, tukarudi. Bado inatembea.

Pale alipochomwa kisigino pamba imebadilishwa mara nyingi.

Alhamisi, 8 Agosti

Athumani ametufuata Kilosa, ametoa damu. Mtoto amewekewa. Kitovu kimekauka kwa mara ya kwanza. Dokta anasema nafuu hii ni ya muda. Damu ya kuazima huisha.

Alinieleza na mimi nikaandika pembeni ya gazeti. Kuna ugonjwa wa damu kutoganda. Mama huubeba bila kuugua, wana wa kiume ndio huugua. Si wote, huyu unampata, huyu unamwacha. Ni adimu. Tangu aanze kazi hapa ameona mmoja tu. Tyubu zake haziwezi kutofautisha huo na udhaifu mwingine wa wachanga unaopita baada ya wiki chache. Dar es Salaam huenda wangeweza, lakini majibu hayawezi kufika kabla ya Jumapili. Akaniuliza: wajomba wa mtoto wako wapi?

Nilisema kadi inasema hakuna ugonjwa katika ukoo. Debora alikuwa ananyonyesha. Akainua kichwa.

"Nani kasema?"

"Athumani."

"Athumani atajuaje? Yeye si wa ukoo wa mtoto."

Nikaichukua kadi, nikaisoma tena. Kwetu Same ukoo ni wa baba, nami nimekuwa nikiwauliza akina baba tangu nianze kazi. Kwao Debora ukoo hufuata mama. Mtoto ni wa upande wa mama, na msemaji wa upande huo ni mjomba. Kadi zangu zote za watu wa milimani zimejazwa na watu wa pembeni.

Debora ana kaka mmoja, Petro, mzima. Wengine wawili walikufa yeye akiwa mdogo. Kwa nini? Hajui. Nyumbani hawatajwi.

Mzee Omari amefika jioni kwa treni. Dokta alimweleza kwa upole na kwa ukweli, pamoja na kwamba hana hakika kamili. Mzee akalidaka hilo la mwisho.

"Umesema huenda ukapita. Basi utapita."

Nikamwambia kisu kinaweza kumwua.

"Kisu hakikuanza leo, Sista. Mnataka mjukuu wangu aitwe govi mpaka kaburini?"

Amesema kesho kutwa anamchukua mtoto. Ana haki ya kufanya hivyo. 

Ijumaa, 9 Agosti

Kwenda kwao Debora: lori la mkonge hadi njia panda, kisha Zombo, kisha kwa mguu kupanda kilima. Debora alinielekeza vizuri: kanisa, mto, migomba.

Mjomba wake, Mzee Danieli, ni mzee wa kanisa. Nilipokewa vizuri. Uji wa unga wa njano wa msaada, na akaomba radhi kwa rangi ya uji. Nikamweleza habari ya mtoto, halafu nikamwuliza: wale vijana wawili walikufa kwa kutokwa damu?

Uso wake ulijifunga.

"Mwanangu, walikufa jandoni. Ya jandoni hayana mdomo. Hata kama ungekuwa mwanamume ningekuuliza kwanza umetahiriwa wapi."

Nilimsihi. Nikamwambia ni uhai wa mtoto wa dada wa hao vijana. Akasema anasikia. Akasema atawaza. Akatoka kwenda kutazama mbuzi ambao hawakuhitaji kutazamwa.

Nilikaribia kulia. Nimetembea kote huku kuja kufungiwa mlango.

Bibi Yudita, mama yake Debora na dada wa huyo mzee, alinisindikiza mpaka mtoni. Mtu mfupi, mwendo wa haraka. Nilimwuliza yeye pia: wanao waliugua nini? Akajibu upesi kwamba hajui, hakuambiwa. Wanawake hawaambiwi. Nikaona hasemi uongo. Swali langu ndilo bovu. Nikamwuliza badala yake yeye mwenyewe aliona nini.

Akasimama.

Alisema kila siku mama hupika chakula cha mwanawe na kukiacha njiani, katika bakuli lake la mti. Wanaume hulichukua. Jioni bakuli hurudi mlangoni limetazama juu. Likirudi kifudifudi, hakuna anayesema kitu. Mama haruhusiwi kulia mpaka wote watoke jandoni. Anaendelea kupika, anampa mtoto wa mwenzake.

"La Petro lilitazama juu. La Yohana lilirudi kifudifudi siku ya pili. La Mika, mwaka mwingine, siku ileile waliyoingia."

Na kabla ya jando? Nikauliza kama walikuwa na mabaka.

"Mabaka! Mika akikimbia tu goti linakuwa kama boga. Jirani walisema nampiga. Mimi nimpige Mika?"

Tulikaa juu ya jiwe mpaka alipokuwa tayari kuinuka. Kisha akarudi nyumbani, si kwa mwendo wa kwanza. Nilimsikia akimwita kaka yake kwa kilugha chao kabla hajafika uani. Sauti kubwa.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimemwambia Dokta. Akashusha kalamu. Akasema sasa hana tena shaka ya kutosha kukaa kimya, akauandika ugonjwa kwa jina lake.

Mzee Omari alikwishamfunga mtoto kwenye kanga ya safari. Hakutaka kusikia habari za mabakuli. Mambo ya wanawake, alisema.

Ndipo Mzee Danieli alipoingia langoni, suruali imejaa vumbi hadi magotini, dada yake nyuma. Alisalimia wote. Akamwomba Mzee Omari watoke kidogo. Walikwenda nyuma ya stoo. Nilimwona Mzee Danieli akisema, kisha Mzee Omari akivua kofia. Sikusikia neno, na sikujaribu.

Waliporudi Mzee Omari alimkabidhi Debora mtoto kwa mikono yote miwili. Akamwambia Athumani: "Kamwambie ngariba aende zake salama."

Athumani akauliza sababu. Baba yake akamwambia atamweleza njiani.

Jumapili, 11 Agosti

Nywele zimekatwa kwa mkasi wa ncha butu, si wembe, wodini, mimi nikishika kichwa. Jina: Hamisi. Mzee Danieli akaongeza Mika, na hakuna aliyebisha.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimerudi Mikumi. Nimewaagiza wasaidizi: mtoto huyu hadungwi pajani, haondolewi jino bila daktari, akianguka analetwa. Nimeanza upya kadi za watu wa milimani. Safari hii nawauliza akina mama, na bibi zao wakiwapo. Wengine wananishangaa.

Debora aliuliza kama ni yeye aliyempa mtoto ugonjwa. Nilisema ndiyo, umepitia kwake, na hakuna alichokosea. Alilia. 

Alhamisi, 29 Agosti

Lori lilichelewa, likawachukua wiki iliyopita. Kijiji chao kipya kiko mwendo wa nusu saa kutoka hapa, nyumba bado ni miti mitupu. Hamisi ananenepa. Ana baka jipya begani, la kubebwa tu. Litakuwa hivi.

Bibi Yudita yuko nao huko kumsaidia binti yake. Leo amenitumia mboga ya maboga ndani ya bakuli la mti, jeusi kwa uzee. Nilikula yote.

Nimeliosha, nikalianika, nikatia sukari kidogo iliyobaki kwangu. Jioni nimelipeleka mwenyewe kwa miguu, nimelishika kwa mikono miwili, limetazama juu.